Faini ya Mvuke wa Bafuni

9 Januari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla hujauliza: nakula, nalala, na kile kifua kimepona. Magoti yako yanasemaje? Na wanao? Yule mkubwa ameipata ile kazi, au bado anaifukuzia? Mwambie mama yake mdogo anamsalimu, na kwamba kuandika ujumbe mfupi hakujawahi kumvunja mtu vidole.

Najua simu huitaki, unasema inakuingilia maneno kabla hujamaliza. Basi nitaandika, ingawa mkono wangu umezoea kusuka nywele kuliko kushika kalamu.

Habari kubwa ni kwamba nimehama. Sasa nakaa ghorofa ya tatu, chumba na sebule, jiko langu mwenyewe, na bafu langu mwenyewe lenye kioo. Kioo, Dada. Siku ya kwanza nilijiangalia mpaka nikajichoka. Kutoka hapa hadi saluni ni kutembea kidogo tu, na dirisha linatazama kiwanda cha magodoro, kwa hiyo kutwa nzima nawaona watu wakibeba usingizi wa wenzao mgongoni.

Sasa sikia kituko. Jumamosi nilikuwa naosha nywele, povu kichwani, taulo mabegani, nikasikia ufunguo unazunguka mlangoni. Ufunguo wangu ulikuwa mezani naukodolea macho. Mlango ukafunguka, akaingia bwana mmoja mfupi, viatu vimechongoka, miwani imeshuka puani. Akasema, "Ukaguzi." Basi. Hakuna salamu, hakuna samahani. Akavuta kiti changu, akapanda, akapitisha kidole juu ya fremu ya mlango, mahali ambapo mimi, kwa urefu huu unaoujua, sijawahi kupaona tangu nizaliwe. Akashuka, akanionyesha kidole. Kilikuwa na vumbi. Akasema hiyo ni faini ya usafi, nitailipa pamoja na kodi.

Nilicheka nikidhani ni mzaha. Kumbe ndiye mwenye nyumba, na hatanii. Jengo zima wanamwita Bwana Kidole. Fundi saa wa ghorofa ya chini ameniambia yeye alitozwa kwa sababu ya buibui aliyekuwa nje ya dirisha. Nje, Dada, anapita zake.

Nilicheka siku nzima. Lakini nililipa.

Mdogo wako

---

2 Februari

Kitinda mimba wetu,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na doa la mafuta ya nywele kwenye kona, kwa hiyo hata kabla sijaifungua nilishaanza kumwelewa huyo mwenye nyumba wako.

Magoti yanalalamika nikipanda ngazi, nikishuka yananyamaza. Mwanetu mkubwa kazi ameipata, na tangu aipate ndiyo haandiki kabisa. Wa pili anaandika, lakini anaandika kuomba.

Mimi nami nina habari. Vile vyumba vya uani vimekwisha. Ni vitatu, kila kimoja na bafu lake, rangi mpya, milango inafunga bila kusukumwa na bega. Wapangaji wameshaingia: mmoja muuguzi, mmoja mwalimu wa chekechea, na mmoja fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mrefu mwenye mabuti makubwa kama mabeseni. Watu wa heshima wote. Nimefurahi. Tangu wanangu waondoke, nyumba hii ilikuwa kimya mpaka nasikia friji ikifikiri.

Sasa kuhusu hilo lako. Mimi ndiye niliyekulea baada ya mama, na najua jinsi unavyofagia. Unafagia mahali unapopita, basi. Huyo bwana ni mkali, lakini nyumba ni yake, ametoka jasho kuijenga. Hata hivyo nataka kujua mambo machache, kwa kutaka kujua tu. Hiyo faini anaiandika mahali, au anaisema kwa mdomo? Mpangaji akinuna, yeye hufanyaje? Na kule juu ya mlango ndiko anakoanzia, au huanzia jikoni?

Futa vumbi. Kula mboga.

Dada yako

---

20 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Hongera kwa vyumba. Nimemsimulia kila mteja wangu kwamba dada yangu sasa ni mwenye nyumba, mpaka mmoja akaniuliza kwa nini basi mimi nasuka watu. Wasalimie wapangaji wako, hasa yule wa mabeseni.

Maswali yako nimeyacheka, lakini nayajibu. Nikiwepo anasema kwa mdomo, hatoi risiti. Mpangaji akinuna, yeye hutabasamu. Na ndiyo, huanzia juu ya mlango, halafu hushuka nao kama mtu anayechuma matunda.

Tangu nikuandikie amekuja tena na tena. Mara ya kwanza ilikuwa mvuke. Nilikuwa nimetoka kuoga, kioo cha bafuni kimefunga ukungu kama kioo chochote duniani, akasema mvuke unaharibu rangi, faini. Nikamuuliza nioge kwa maji ya aina gani yasiyo na mvuke, akasema hilo ni shauri langu. Safari iliyofuata ilikuwa kitunguu. Nilikuwa nimekaanga kitunguu, akasimama katikati ya sebule akivuta pumzi kama mtu aliyefika ufukweni, faini. Halafu ikaja faini ya unywele mmoja kwenye sinki. Dada, mimi ni msusi. Kuona unywele mmoja tu kwangu lilikuwa jambo la kupongezwa.

Haya yote nilikuwa nayapeleka saluni, tunayacheka, wateja wananisubiri Jumatatu kama wanasubiri tamthilia. Lakini wiki iliyopita nilirudi kutoka kazini nikakuta kitanda changu kimetandikwa. Asubuhi nilikiacha kimevurugika, nilikuwa nimechelewa. Mtu aliingia sipo, akashika mashuka yangu, akaweka mto wangu anavyotaka yeye, akaniachia kikaratasi cha faini juu yake. Hapo sikucheka. Nililala kwenye kochi.

Kesho yake mimi na fundi saa tulikwenda kwa karani wa baraza la nyumba. Ni kijana wa shati la mistari, anakula karanga akisikiliza, nikadhani hasikii kitu. Kumbe anasikia. Akasema mwenye nyumba akishakukabidhi ufunguo amekukabidhi nyumba. Anaruhusiwa kuja kuona kama kuna kilichoharibika au kinachohitaji kutengenezwa, ila aseme mapema, na mwenyewe uwepo. Kutoza faini si kazi yake. Kama umevunja kitu, aje barazani adai gharama ya kukitengeneza. Na vumbi, akasema akipuliza maganda ya karanga mezani, vumbi halijavunja kitu.

Nilitamani nimkumbatie. Fundi saa akanitangulia.

Mdogo wako

---

15 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mwanetu wa pili anakuja likizo, kwa hiyo sukari nimeifungia kabatini.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Huyo karani amewahi kujenga? Amewahi kununua rangi kwa ndoo? Ni rahisi kula karanga ukaamua mambo ya nyumba za watu. Mimi simtetei huyo bwana, kuingia mtu hayupo amekosea, angalau angesubiri wewe uwepo. Lakini mvuke, tuseme ukweli, mvuke unaharibu rangi. Hivi anaupima vipi? Kwa macho tu, au anagusa kioo? Na kitunguu, je, kitunguu kibichi nacho kimo, au ni cha kukaanga peke yake? Nauliza tu.

Nimekushonea mashuka mawili, na lile gauni la mama nimelipunguza kiuno likutoshe. Mpangaji wangu fundi anakuja huko kwenu kutengeneza lango la shule, kazi ya siku chache. Nimempa mzigo akuletee. Mpe chai, mwache aende zake. Ni mtu wa maneno machache. Na mabuti ayavulie nje.

Dada yako

---

28 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mzigo nimeupata na gauni limenikaa, nimezunguka nalo chumba kizima mbele ya kile kioo chenye kesi. Asante mpaka basi.

Nianze na vita. Baada ya karani, tuliitana wapangaji wote kwenye ngazi. Tukakubaliana kwamba Bwana Kidole akija kwa mmoja, amekuja kwa wote. Jumamosi akafika kwangu na ufunguo wake, akasema, "Ukaguzi." Nikamwambia karibu sana, nikagonga bomba la maji kwa kijiko. Milango ikafunguka juu hadi chini. Wakaja wote, fundi saa na stuli yake, mke wa dereva wa lori na mapacha wake, bibi wa ghorofa ya pili na kiti cha kukunja na kofia ya jua. Wakaingia, wakamwamkia, wakaketi. Akapanda kiti kufika juu ya mlango, watu wote wakainua shingo pamoja naye. Akapitisha kidole, bibi akauliza kama tunaweza kukiona vizuri, kipite kwa kila mtu. Kikapita, Dada. Alikizungusha kidole chake sebuleni kwangu kama anaonyesha pete ya uchumba. Akaenda jikoni, tukahamia jikoni. Akaenda bafuni, tukajipanga koridoni. Mwishowe akaondoka bila kumtoza mtu, na mapacha wakamsindikiza hadi getini wakiimba.

Usiku huo jengo zima hatukulala kwa kucheka. Jumatatu nikapata notisi ya kuhama. Mimi peke yangu. Eti nachochea watu. Baraza litasikiliza shauri letu mwezi ujao, na hadi hapo sijui kama kioo hiki ni changu. Nacheka mchana, Dada, lakini jioni nahesabu maboksi.

Sasa mpangaji wako. Alifika jioni, mabuti akayavua mwenyewe kabla sijasema. Nikampa chai. Ni kweli ni mtu wa maneno machache, kwa hiyo mimi nikaongea kwa niaba ya wote wawili. Nikamweleza habari za Bwana Kidole. Nikamwambia, sikia hii, siku moja alinitoza faini kwa ajili ya…

"Mvuke wa bafuni," akasema.

Nikamtazama. Nikamwambia, ndiyo, na safari iliyofuata akanitoza kwa ajili ya…

"Kitunguu."

"Na baada ya kitunguu?"

"Unywele kwenye sinki," akasema, halafu akajisikia anachokisema, akainua macho darini kama aliyesikia panya.

Nikamuuliza amejuaje. Akasema amebahatisha. Nikamuuliza kama anamfahamu Bwana Kidole. Akasema hajawahi kumtia machoni, akainywa chai yote iliyobaki kwa mkupuo mmoja, ikiwa bado ya moto, machozi yakamtoka.

Mimi sisemi kitu, Dada. Nauliza tu, kama wewe unavyopenda kuuliza: vioo vya bafuni vya wapangaji wako, umevinunulia wapi?

Mdogo wako

---

25 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Vioo vilinunuliwa dukani.

Mwanetu wa pili amekuja na ameondoka, sukari ameipata. Magoti yako vilevile. Mvua imenyesha vizuri. Notisi yako imenisikitisha, usihame, kaa hapohapo mpaka baraza liseme, na wakikutoa njoo nyumbani, chumba chako cha utotoni hakijapangishwa wala hakitapangishwa.

Sasa nina swali la maana. Mbona fundi hajarudi? Aliniambia lango la shule ni kazi ya siku chache. Wewe uliandika umempa chai. Ni chai gani hiyo isiyoisha? Kodi ametuma, hilo sina ugomvi nalo. Lakini chumba kikikaa bila mtu kinaharibika. Vumbi limejaa, hasa juu ya kabati, upande wa nyuma ukutani.

Mtu mzima akiondoka huaga vizuri. Ukimwona mwambie.

Dada yako

---

6 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Juu ya kabati, upande wa nyuma ukutani. Nimeusoma mstari huo nikiwa nimesimama, nikaketi, nikausoma tena. Umeingiaje, Dada? Mwenyewe yuko huku na ufunguo wake uko huku, nimeuona.

Lakini kwanza nikupe la baraza, maana limekwisha, na limekwisha vizuri.

Tulikwenda wote. Mwenyekiti ni mama mmoja aliyekuwa na mafua siku hiyo, leso mkononi, maneno yake yakitoka moja moja. Bwana Kidole akajieleza muda mrefu. Akasema yeye anapenda usafi, wapangaji wa siku hizi hawana shukrani, na mimi ndiye niliyewaharibu. Mama akamuuliza ushahidi wa uchafu uko wapi. Akainua kidole. Akakiinua kweli, Dada, mbele ya baraza zima.

Mama akakitazama, akapiga chafya, akasema, "Na hicho kidole kilipata hasara gani?"

Karani wa karanga aliinama chini ya meza akijifanya ameangusha kalamu. Sisi wengine hatukuwa na meza ya kujificha.

Basi ikaamuliwa. Notisi yangu imefutwa. Faini zote azirudishe. Akitaka kuingia aseme mapema, aje mchana, na mwenyewe awepo. Na kwa kuwa anapenda sana kukagua, akakague ngazi zilizobomoka na tangi linalovuja, avitengeneze. Tulitoka pale tukitembea katikati ya barabara kama watu waliofunga goli. Mke wa dereva alipoteza kiatu na hakurudi kukitafuta.

Mpangaji wako alikuwepo. Alikuwa amekaa nyuma kabisa. Kwa nini bado yuko huku, hilo sitalisema kwenye barua hii. Lango la shule lilihitaji marekebisho. Halafu mlango wangu ulihitaji komeo. Halafu komeo lilihitaji kuangaliwa kama linafanya kazi.

Sikumlazimisha aseme, Dada. Nilimuuliza mara moja tu, akanijibu kwa adabu kwamba mwenye nyumba wake ni mama mwema, anampelekea uji mtu akiugua, ila mtu ukiwa bafuni unakuwa hujui kama uko peke yako. Muuguzi, akasema, akitoka zamu ya usiku hulala amevaa nguo zote, kwa sababu ufunguo unaweza kuzunguka saa yoyote. Alipomaliza kusema hivyo niliinuka nikalisukuma komeo langu.

Kumbe kila nilichokuandikia nikilia na kucheka, wewe ulikuwa unajifunzia. Mimi nilikuwa nakuletea malalamiko, wewe unapokea mafunzo.

Nakumbuka kitu kimoja. Nyumbani kwetu baba alikuwa anaingia tu chumbani kwangu, mama anaingia tu, wajomba, mashangazi, kila mtu. Wewe peke yako ulikuwa unasimama nje unasema hodi. Nilikuwa na miaka sita au saba, na nilikuwa nakuchelewesha kukujibu makusudi, kwa raha ya kusikia mtu mzima ananisubiri mimi. Hukuwahi kuingia kabla sijasema karibu.

Warudishie pesa zao, Dada. Na ule ufunguo mwingine uufungie pale unapofungia sukari.

Fundi anarudi wiki hii. Nimemsimulia yote kuhusu stuli na kijiko, na ameyasikiliza kwa makini sana.

Mdogo wako

---

17 Juni

Kitinda mimba wetu,

Marahaba. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa nimekukasirikia. Barua yako niliiweka chini ya redio, nikaiacha. Nikasema mtoto niliyemfundisha kushika kijiko ananifundisha kushika nyumba. Kila nikiwasha redio naiona.

Ili usidhani ni barua yako iliyonishinda, nilikwenda kukagua siku hiyohiyo niliyoipata. Nilianza kwa muuguzi. Nikatia ufunguo, nikafungua, nikasema, "Ukaguzi." Nikasikia kitu kinagonga bomba. Milango mingine miwili ikafunguka, akatoka mwalimu na kiti kidogo cha chekechea, chekundu, akatoka fundi na mabuti yake mkononi, wakaja wakaketi. Hawakusema neno baya. Mwalimu akaniambia, kwa ile sauti anayoitumia kwa watoto wake, kwamba nijisikie huru, niendelee. Nikapanda kwenye stuli. Magoti yakakataa kushuka. Nikabaki kule juu, kidole kimejaa vumbi, wapangaji wangu watatu wananitazama kutoka chini, na hakuna anayecheka, ila fundi anang'ata mdomo wake mpaka umekuwa mweupe.

Muuguzi akainuka akanishika mkono akanishusha. Akaniambia, "Mama, ukitaka kukaa nasi sema tu. Gonga, tutakufungulia."

Mdogo wangu, nilitoka pale bila kufunga mlango. Nikakaa ndani kwangu. Friji ikafikiri. Nikajiuliza huyu binti amelijuaje lile ambalo mimi mwenyewe nilikuwa sijaambiwa. Maana ni kweli, rangi haikuwa inaharibika kwa mvuke. Mchana nilikuwa nasikia wanacheka kule uani, na faini ilikuwa ndiyo tiketi yangu ya kuingia.

Pesa zao nimerudisha, zote, mkononi kwa kila mmoja. Mwalimu alilia kidogo, halafu akaniambia faini zangu nyingine zilikuwa za haki, yeye kweli hafagii. Funguo za ziada nimewapa wazitunze wenyewe.

Halafu, siku kadhaa baadaye, nikaenda kwa muuguzi jioni. Nikagonga. Nilisimama mbele ya mlango nilioununua mimi, kwenye ukuta niliousimamia mimi tofali kwa tofali, nikiwa sina ruhusa ya kuingia, moyo unanienda mbio kama msichana aliyeitwa na mwalimu mkuu. Akachelewa kujibu. Nilifikiri ni makusudi, kama wewe. Kumbe alikuwa anavaa. Akasema karibu, na wenzake wakaja, tukanywa chai mpaka mwalimu akaanza kusinzia. Nimekaa kwenye kile chumba kama mgeni kwa mara ya kwanza. Ni chumba kizuri. Juu ya mlango kuna vumbi. Nimeliona, nimenyamaza, na imeniuma.

Sasa lako. Jumapili fundi amenigongea yeye, amevaa koti, na nyuma yake mjomba wake amevaa koti refu zaidi. Mjomba akaanza kuzungumzia hali ya hewa, akaenda kwenye bei ya vyuma, akarudi kwenye hali ya hewa. Mwishowe fundi akamkatiza, akasema anataka kukuoa, na kwamba ameona aje kwangu kwanza kwa sababu mimi ndiye mama yako. Akasema mtakaa huko kwako, kwenye nyumba uliyoipigania. Nikamwambia yaani unanichukulia mdogo wangu, na mimi unanipunguzia mpangaji. Akasema ndiyo, yote mawili, na anaomba radhi kwa hilo la pili.

Ni maneno mengi kwa mtu kama yeye. Alitoka jasho.

Nimempenda. Lakini si mimi ninayeolewa. Mambo yako ya kuzungukazunguka, lango lilihitaji hiki, komeo lilihitaji kile, nimeyachoka. Unamtaka au humtaka? Nijibu kwa neno moja.

Dada yako anayekupenda

---

24 Juni

Dada yangu, mama yangu,

Shikamoo. Ndiyo.

Hilo ndilo neno moja uliloniagiza, na ningeishia hapo kama ningekuwa mtu mwingine. Barua yako imenikuta saluni, nimeisomea hapahapa. Nilipofika ulipokwama kwenye stuli nililazimika kukaa sakafuni, na nilipofika ulipogonga mlango wa muuguzi sikuinuka. Wenzangu walidhani nimefiwa. Nikawaambia hapana, naolewa, na dada yangu amekunywa chai. Hawakuelewa, lakini wamepiga vigelegele kwa yote mawili.

Njoo huku kabla ya harusi. Ngazi zimetengenezwa, magoti yako yatafika mpaka ghorofa ya tatu. Wote wanataka kukuona, na bibi wa ghorofa ya pili amesema atakukopesha kofia.

Samahani kwa mwandiko. Naandika nimelaza karatasi kwenye mgongo wa mteja, nusu ya kichwa chake imesukwa, nusu imesimama wima, na yeye amesoma kila kitu kwa kupitia vioo vya mbele na nyuma. Anasema nikuambie kwamba hata yeye amekubali, sasa tafadhali nirudi nimalizie kichwa chake.

Mdogo wako